Waya Ambao Hakuna Aliyeuhesabu: Kisa cha Kubadilisha Ishara za Reli Clapham Junction, 1988

Jumatatu, Desemba 12, 1988, saa mbili asubuhi ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Treni ya abiria iliyoondoka Basingstoke saa 1:18 ilikuwa inakaribia Clapham Junction, kusini mwa London, mabehewa yake 12 yamejaa watu wanaokwenda kazini. Dereva akaona taa ya kijani iliyokuwa mbele yake ikigeuka ghafla kuwa nyekundu. Alikuwa ameshaikaribia mno, hata angefunga breki asingesimama kabla ya kuipita. Akafanya ambacho kanuni zilimtaka afanye. Alisimamisha treni kwenye ishara iliyofuata, akashuka, akanyanyua simu ya kando ya reli na kumweleza mwendesha ishara kwamba amepita taa nyekundu. Akajibiwa kwamba ishara ile haina tatizo lolote.

Muda mfupi baada ya saa 2:10, treni iliyokuwa ikija nyuma yake kutoka Bournemouth ikaingia kwenye kona, ndani ya njia iliyochimbwa chini kuliko ardhi ya pembeni. Ishara iliyopaswa kuizuia, namba WF138, haikuizuia. Dereva alipoiona treni iliyosimama mbele yake hakukuwa tena na umbali wa kutosha kusimama. Akaigonga kwa nyuma, na yeye mwenyewe akafa papo hapo. Treni ya tatu, tupu, iliyokuwa inapita upande wa pili kwenda nje ya mji, ikayavamia mabaki. Watu 35 walipoteza maisha, 484 wakajeruhiwa, 69 kati yao vibaya.

Kulikuwa na treni ya nne. Umeme wa reli ulikuwa umekatika, nayo ilikuwa inateleza tu kwa kasi iliyobaki. Dereva wake aliona ajali kwa macho yake akasimama kabla ya kuongeza maafa. Kinachonikaa kichwani kila ninaposoma kisa hiki ni kile alichokiona kabla ya kusimama. Ishara WF138, yenye treni mbili zilizopondana mbele yake, ilikuwa inawaka njano. Njano maana yake endelea kwa tahadhari.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha fundi mmoja na waya mmoja, na kweli waya ulikuwa mmoja na fundi alikuwa mmoja. Lakini ukikaa na maelezo ya uchunguzi uliofuata, unaona kwamba Clapham ni kisa cha mradi wa kubadilisha mitambo ambao kila mtu aliuelewa kama kazi ya kufunga kipya. Kuondoa cha zamani kulihesabiwa kama usafi wa baadaye, kitu cha kumalizia mkiwa na nafasi. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yote.

Mitambo ya ishara ya eneo hilo ilikuwa ya mwaka 1936. Ripoti ya ndani ya shirika la reli, British Rail, tawi la kusini, ilisema mwaka 1978 kwamba kwa umri wake mitambo ile ingepaswa kuwa imebadilishwa kufikia 1986. Idhini ya mradi ilitolewa 1984, baada ya kuripotiwa hitilafu tatu za aina ambayo watu wa ishara huiogopa kuliko zote. Hiyo ndiyo hitilafu ya upande mbaya, yaani mtambo unaharibika halafu badala ya kusimamisha treni unaziruhusu zipite. Kwa hiyo mradi haukuwa anasa. Uliletwa na usalama, na walioufanya waliamini hivyo kwa dhati.

Ili uelewe waya mmoja uliwezaje kuficha treni nzima, lazima kwanza ujue mfumo huu unafikiri vipi, na kusema kweli ni mfumo wenye akili nzuri. Reli hugawanywa vipande vipande, kila kipande kikitenganishwa kiumeme na jirani yake. Upande mmoja wa kipande unaingizwa mkondo mdogo wa umeme, na upande wa pili kuna relei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mkondo ukifika, sumaku inashika, relei inanyanyuka, na mfumo unasoma kwamba kipande hicho hakina kitu. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaunganisha reli ya kushoto na ya kulia. Umeme unapita njia hiyo fupi, haufiki kwenye relei, na relei inaanguka kwa uzito wake. Ikianguka, ishara inakuwa nyekundu.

Uzuri wake ni kwamba kila kasoro ya kawaida inaangukia upande salama. Waya ukikatika, relei inaanguka. Reli ikivunjika, relei inaanguka. Betri ikiisha, fyuzi ikiungua, panya akitafuna kitu, matokeo ni taa nyekundu. Treni zinachelewa, abiria wanalalamika, lakini hakuna anayekufa. Kwa mantiki hiyo mfumo hauogopi kukosa umeme. Unachoogopa ni umeme uliozidi, yaani umeme unaofika mahali usipotakiwa na kushikilia juu relei iliyopaswa kuanguka. Na umeme wa aina hiyo hauji wenyewe. Unahitaji njia, na njia hiyo kwa kawaida ni waya ambao mtu ameuacha.

Jumapili, Novemba 27, wiki mbili kabla ya ajali, fundi wa ishara alikuwa ndani ya chumba cha relei cha Clapham Junction. Ni chumba cha rafu. Relei zimepangwa mistari kwa mistari ndani ya visanduku vya vioo, na kutoka kwenye kila relei zinashuka nyaya nyingi, za zamani na mpya zikiwa zimesongamana. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuondoa nyaya za mfumo wa 1936 na kuweka mpya kufuatana na mchoro.

Alifika kwenye waya mmoja wa zamani uliounganisha fyuzi na relei. Waya una ncha mbili. Kuna namna moja tu sahihi ya kuumaliza: unafungua ncha zote mbili na kuutoa. Ikishindikana kuutoa kwa siku hiyo, unaukata uwe mfupi usiweze kufika popote, unaifunga ncha yake kwa tepu mpya, halafu unaufungia pembeni mbali na pale ulipokuwa. Fundi alifungua ncha ya upande wa relei. Hakuukata, na tepu mpya hakuweka. Aliukunja tu kwa mkono, akausukuma pembeni. Kwenye upande wa fyuzi alifunga waya mpya, lakini ule wa zamani hakuufungua. Pale ambapo mchoro ulionyesha waya mmoja pakawa na nyaya mbili.

Mara nyingi watu huishia hapo, wakishangaa uzembe wa ajabu. Haukuwa wa ajabu. Uchunguzi ulikuta kwamba hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake ya kazi kwa miaka mingi: kukunja nyaya badala ya kuzikata, kutumia tena tepu iliyokwisha kutumika. Alikuwa kazini miaka kama 16. Kwa miaka yote hiyo hakuna msimamizi aliyemshika mkono na kumwambia, hivi sivyo. Alijifunza kwa kutazama wenzake, nao walijifunza hivyohivyo. Ukiniuliza, nitasema kwamba kosa lililofanyika siku ile lilikuwa moja tu, kusahau ile ncha ya upande wa fyuzi. Yaliyobaki yalikuwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyolipatia kosa hilo uwezo wa kuua. Fundi mwenye desturi ya kukata nyaya angeweza kusahau ncha ileile na lisitokee lolote, kwa kuwa waya uliokatwa mfupi haufiki kwenye relei.

Fundi huyo alikubali kosa lake mbele ya uchunguzi bila kuzungukazunguka. Sioni sababu ya kulitaja jina lake hapa.

Waya ulikaa hivyo wiki mbili, umekunjwa, una umeme ndani yake, ncha yake wazi ikiwa jirani na mahali pale pale ulipokuwa umefungwa kwa nusu karne. Na waya uliokaa miaka mingi katika umbo moja una kumbukumbu. Ukiupinda kwa mkono unatii kwa muda, lakini unataka kurudi. Jumapili ya Desemba 11 kazi nyingine ilifanyika ndani ya chumba kile kile, ya kubadilisha relei iliyokuwa jirani. Katika kusukuma na kuvuta, ule waya wa zamani uliguswa, ukalegea, ukarudi nyumbani. Ncha yake ikagusa kiunganishi chake cha zamani, na umeme ukaanza kupita.

Kuanzia hapo kipande kile cha reli, kilichokuwa mbele ya ishara WF138, kilikuwa hakioni. Treni ikisimama juu yake, relei ilibaki imenyanyuka, ikilishwa na waya ambao kwenye karatasi haukuwepo tena. Kesho yake asubuhi, dereva wa treni ya Basingstoke, kwa kufuata kanuni na kusimama ili apige simu, alisimamisha treni yake mahali pale ambapo mfumo usingeweza kujua kwamba ipo. Mwendesha ishara aliyemjibu kwamba hakuna tatizo hakuwa anampuuza. Aliamini mitambo yake, na hakuwa na sababu yoyote ya kutoiamini.

Sasa swali la kitaalamu. Kazi ya Novemba 27 ilipimwa, ilikuwaje basi isionekane?

Jibu liko kwenye aina ya kipimo. Kuna kipimo cha utendaji: unaiga treni kuingia kwenye kipande, unatazama ishara, inakuwa nyekundu, unaweka alama ya vema. Kwa kipimo hicho mfumo wa Novemba 27 ulikuwa mzima kabisa. Waya ulikuwa umekunjwa pembeni, haugusi kitu. Ungepima mara mia siku ile ungefaulu mara mia. Kipimo cha namna hii kinauliza kama kitu kinafanya kazi sasa hivi. Hakiulizi ndani yake kuna nini.

Kipimo cha pili ni cha kuchosha na hakina fahari yoyote. Unachukua mchoro, unasimama mbele ya kila kiunganishi kilichoguswa, na unahesabu nyaya. Mchoro unasema moja, mbele yako kuna mbili, basi kazi haijaisha. Mtu asiyejua treni hata kidogo, mwenye tochi na uwezo wa kuhesabu hadi mbili, angekuta kosa lile kwenye fyuzi. Hesabu hiyo ilitakiwa ifanywe na mtu mwingine asiyekuwa yule aliyefunga. Hakuna aliyeifanya.

Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja aliamini ni kazi ya mwingine, au hakuihesabu kuwa kazi. Fundi hakujua kwamba anatakiwa kuhesabu nyaya zake mwenyewe. Msimamizi wake siku hiyo alikuwa nje kwenye reli akifanya kazi kwa mikono pamoja na kundi jingine, hakuingia kukagua. Mhandisi aliyekuwa na dhamana ya majaribio alipima utendaji na kuishia hapo. Kulikuwa na waraka rasmi wa majaribio, unaojulikana kama SL-53, uliotaka nyaya zihesabiwe. Ulianza kama maagizo ya muda, baadaye ukawa rasmi, lakini hakukuwa na mafunzo ya maana yaliyoambatana nao. Wapo ambao haukuwafikia, na wapo waliouona wakadhani ni rasimu. Na mwaka huohuo wa 1988 idara ilikuwa imepangwa upya, watu wakahamishwa, wengine wakawekwa kwenye nafasi ambazo hawakuwa wameziandaliwa. Katika kupanga upya namna hiyo kazi zenye jina hubaki na mwenyewe, lakini zile zilizokuwa zinafanywa kwa mazoea ya mtu fulani huondoka na mtu huyo.

Kisha kuna suala la uchovu, ambalo napenda tulikalie kidogo kwa kuwa mara nyingi hutajwa kama kisingizio cha kibinadamu kisha likapitwa. Hapa halikuwa kisingizio. Ratiba ya mradi ilipangwa kwa idadi ya watu ambayo shirika halikuwa nayo. Mafundi wenye ujuzi walikuwa wakiondoka kufuata mishahara bora mjini. Tarehe za hatua za mradi hazikusogezwa. Kwa kuwa kazi nzito ilifanyika wikendi, treni zikiwa chache, wikendi ikawa siku ya kazi, na kwa kuwa wiki ina kazi zake, wiki nayo ikawa ya kazi. Uchunguzi ulipochambua miezi mitatu kabla ya ajali, ulikuta asilimia 28 ya wafanyakazi wa mradi walifanya kazi siku saba kila wiki, na asilimia 34 wengine siku 13 katika kila 14. Fundi wetu alikuwa amepumzika siku moja tu ndani ya wiki 13.

Rasmi, ovataimu hiyo ilikuwa ya hiari. Lakini mishahara ya msingi ikiwa midogo kiasi kwamba watu wanaitegemea ovataimu kuishi, na mradi ukiwa hauwezi kwenda bila hiyo ovataimu, neno hiari linabaki kwenye fomu tu. Na kazi ya ishara ni ya aina ambayo uchovu huila kwa namna ya pekee. Mtu aliyechoka bado anaweza kubeba, kuchimba, hata kuendesha. Anachopoteza kwanza ni kumbukumbu ndogo ya papo hapo: niliishia wapi, ncha hii nimeshaifungua au nilikuwa naenda kuifungua? Akiitwa mara moja kwa jambo jingine katikati ya waya, anaporudi anaanza na unaofuata.

Uchunguzi wa wazi uliongozwa na mwanasheria Anthony Hidden, na ripoti yake ikatoka Novemba 1989 ikiwa na mapendekezo 93. Ni ripoti iliyoandikwa vizuri kuliko nyaraka nyingi za aina yake. Jambo aliloliona Hidden, ambalo nakubaliana naye kabisa, ni kwamba kila aliyesimama mbele yake, kuanzia mafundi mpaka wakurugenzi, aliongelea usalama kwa dhati ya moyo. Hakukuwa na wanafiki. Kilichokosekana ni njia ya kuishusha dhati hiyo kutoka ofisini mpaka kwenye ncha ya waya.

Pendekezo lililovuma zaidi, hata hivyo, nadhani lilivuma kwa sababu zisizohusiana na kisa. Ni lile la kufunga mfumo wa kulinda treni kiotomatiki, ambao unafunga breki dereva akipita taa nyekundu. Ni mfumo mzuri, na ajali nyingine nyingi zimeonyesha umuhimu wake. Baadaye mpango wa kuufunga nchi nzima uliachwa kwa sababu ya gharama, na mjadala ukageuka kuwa wa kisiasa. Lakini tuwe wakweli: Clapham hakuna dereva aliyepuuza taa nyekundu ikasababisha maafa. Mfumo wa kiotomatiki hupokea habari zake kutoka kwenye ishara zilezile. Relei ikisema njia ni wazi, kompyuta ya kwenye treni nayo itaamini hivyo. Hidden mwenyewe alilijua hilo. Umma ulitaka kifaa, na kifaa kina picha nzuri gazetini kuliko mtu mwenye tochi anayehesabu nyaya.

Mapendekezo yaliyogusa kisa chenyewe yalikuwa makavu: majaribio yafanywe na mtu asiyekuwa mfungaji, hesabu ya nyaya iwe lazima na isainiwe, mafundi wapewe mafunzo na kupimwa upya, na saa za kazi ziwekewe kikomo. Kikomo hicho, ambacho reli za Uingereza zilikiita kwa jina la Hidden kwa miaka mingi, kilikuwa saa 12 kwa zamu, saa 12 za mapumziko kati ya zamu na zamu, saa 72 kwa wiki, na zamu zisizozidi 13 katika siku 14. Soma tena namba ya mwisho. Asilimia 34 ya wafanyakazi wa mradi, wale waliotajwa kama ushahidi wa hali mbaya, walikuwa wakifanya hasa siku 13 katika 14. Kilichokuwa dalili ya ugonjwa kikawa mpaka wa juu wa afya. Sisemi kikomo hicho hakikusaidia, kilisaidia sana, kwa kuwa kabla yake hakukuwa na kikomo chochote cha maana. Ila kinaonyesha jinsi sekta ilivyokuwa imezoea.

Mwaka 1991 British Rail ilitozwa faini ya pauni 250,000 kwa kuvunja sheria ya afya na usalama kazini. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Wakati ule, kulishtaki shirika kwa kosa hilo kulihitaji kumpata kiongozi mmoja wa juu ambaye kosa lake binafsi ndilo lilisababisha vifo, na kisa kama hiki, ambacho kosa limegawanyika vipande vidogo kwa watu ishirini, hakina mtu wa namna hiyo. Clapham ilikuwa miongoni mwa maafa yaliyosukuma mjadala uliozaa sheria ya mauaji yanayosababishwa na mashirika, iliyopitishwa Uingereza mwaka 2007.

Msomaji anayefanya kazi kwenye reli za mizigo anaweza kusema, haya ni ya abiria, mjini, mafundi wakiwa na wikendi nzima. Kwenye njia ya mizigo yenye msongamano hali ni ngumu zaidi. Abiria hupungua Jumapili, makaa na makontena hayajui Jumapili. Kila saa ambayo njia imefungwa kwa kazi ina mteja anayesubiri, kwa hiyo nafasi anazopewa fundi ni za vipande, saa tatu hapa, nne pale, usiku. Kadiri kipindi kinavyokuwa kifupi ndivyo mradi unavyogawanywa hatua nyingi, na kila hatua inaacha mfumo nusu wa zamani nusu mpya, ukibeba treni halisi. Clapham ilitokea katika nusu hiyo, si mwanzoni wala mwishoni mwa mradi. Na treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Dereva wake akiona kwa macho kwamba ishara imemdanganya, kuona huko hakumsaidii kitu.

Kuna namna ya kupunguza hatari hiyo ambayo wahandisi huipenda, nami naiona nzuri pale inapowezekana. Unajenga mfumo mpya mzima pembeni ya ule wa zamani, kwenye vyumba vyake, na nyaya zake, taa mpya zikiwa zimefunikwa au kugeuziwa mgongo ili dereva asizisome. Siku ya kubadilisha unafunga njia, unazima wa zamani wote kwa pamoja, unafunua mpya. Hakuna chumba ambacho waya wa mwaka ule na wa mwaka huu zinagawana fyuzi. Gharama ni kubwa na nafasi inahitajika, na penye reli nyingi zilizobanana nafasi ni kitu kigumu kupata. Lakini pia njia hii haifuti swali, inalisogeza tu, kwa sababu mtambo uliozimwa bado upo pale, na mtu fulani lazima athibitishe kwamba umezimwa wote.

Mfano uko Cardiff, Wales, Desemba 29, 2016. Mradi mkubwa wa kubadilisha ishara ulikuwa unafikia mwisho, kazi ya Krismasi imekamilika, treni zimeanza kupita. Dereva mmoja aliyekuwa anatoka Cardiff akatazama mbele na kuona kwamba sehemu ya reli inayobadilisha njia haikuwa imekaa upande wa safari yake. Akasimama, hakuna aliyeumia. Wachunguzi wa ajali za reli wa Uingereza walipofuatilia, walikuta kwamba sehemu hizo hazikuhitajika tena katika mpangilio mpya. Zilipaswa kufungwa kabisa zisitembee, lakini hazikuwa kwenye orodha ya vitu vya kufungwa. Mfumo mpya haukuzijua, kwa hiyo haukuweza kuzilinda. Kwa mara nyingine kilichopimwa ni kipya, na kilichobaki ni cha zamani. Uchovu wa watu wa mradi nao ulitajwa.

Karibu miezi minane baadaye, Agosti 15, 2017, ikawa zamu ya Waterloo, stesheni ya London ambayo mradi ule wa Clapham wa miaka ya themanini ulibeba jina lake. Ilikuwa inapanuliwa, na njia iliyokuwa na kazi ilikuwa imetenganishwa na zinazotumika kwa safu ya mabehewa ya mizigo yaliyowekwa pale kuwalinda mafundi. Alfajiri, treni ya abiria ikatoka, ikapelekwa upande usiotarajiwa, ikayagonga mabehewa yale kwa mwendo mdogo. Hakuna aliyeumia. Mfumo ulikuwa umeamini kwamba reli ya kubadilisha njia imekaa sawa, na haikuwa hivyo. Ndani ya mitambo ya ishara wachunguzi walikuta nyaya zilizoongezwa kusaidia majaribio, zikaachwa. Hazikuwa kwenye mchoro wowote.